Mfalme wa Kwenye Mashine ya Kusaga

Msagaji wetu hapa Masumbwe ana unga hadi kwenye kope, na haongei na wateja. Anaongea na mtu mdogo mwenye upanga, wa mchezo wa video kwenye televisheni ya Jashvant, mwenye mashine. Televisheni inapata umeme kutoka injini ya kusagia, na Jashvant hataki injini iwake bila mahindi. Mchezo wenyewe una nchi nzima ya kutembea, misitu, visiwa na wanakijiji wa kusalimiwa mmoja mmoja, kana kwamba aliyeutunga alijua msagaji hana kazi nyingine. Injini ikizimwa, safari inaanza upya. Tangu masika amekuwa akiokoa kijiji kilekile, na bado hawajamshukuru. Zamani alimwaga debe la mahindi kwa mkupuo. Siku hizi anatia kiganja kimoja kimoja kama anayelisha kuku, shingo imegeukia kioo.

Jana nilikuwa wa mwisho, na nyumbani watoto walikuwa na njaa. Mtu wake alifika mlangoni kwa mfalme, mahindi yangu yakaisha.

"Shikamoo, Mama Mbuke," akasema, na hakuwahi kuniamkia kabla. "Unga una chenga. Niurudishe mashineni?"

"Marahaba. Chenga ziko wapi?"

Akageukia kioo. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye unga wa usoni. Nikamsogezea beseni.

"Rudisha, baba. Ila umwambie mfalme watoto wangu wanasubiri ugali."

Mlango wa mfalme ukafunguka. Mfalme akamtuma ng'ambo ya bahari kutafuta pete. Tulikula ugali laini kama poda, na leo asubuhi kijiji kinaokolewa tena.