Samaki wa Bahari Katika Gereji ya Nshambya

Jambo la kwanza nililoliona kwa Ma Skolastika ni chembe za chumvi kwenye nyusi zake. Gereji yake ya Nshambya haina gari. Ina matangi matatu ya kioo yenye samaki wa bahari, huku ziwa letu ni la maji baridi! Zamani aliuza sangara wa chumvi visiwani Muleba. Basi, samaki wake wa kwanza aliwatilia chumvi ileile, na wote walikufa. Sasa huagiza chumvi maalumu Dar es Salaam na kuichanganya na maji ya mvua.

“Dada, hawa tutawala lini?” alitania mdogo wake, Rugemalira.

“Nitaanza na wewe!”

Kisha akanionyesha mayai, ya kwanza katika miaka sita. Samaki dume aliyapepea kwa mapezi, na ndani ya mayai hayo niliona vijicho vinavyong'aa. Ma Skolastika anasema yataanguliwa kesho au keshokutwa, nami nimeomba niwepo.