Kaseti ya Atupele

Ngoja kwanza, mwanangu, usifute hayo masomo eti upate nafasi ya nyimbo. Hicho kishikwambi ni cha darasa zima, na mwenzako Rehema bado amelazwa. Kiweke mezani, nikwambie jambo.

Nilikuwa kidato cha nne pale Iringa, miaka ya sabini, baridi ya Juni sweta mbili hazitoshi. Rafiki yangu Atupele alifiwa na baba yake, akaenda Tukuyu kuzika. Mwalimu wetu wa Kemia akamrekodia masomo aliyoyakosa kwenye kaseti, ili akirudi asikilize muda wowote, hata mara kumi. Redio kaseti ya shule nilikuwa naitunza mimi. Mwe, nilivyoringa nayo!

Jumamosi kukawa na kipindi cha salamu redioni, na kaka yangu wa Mbeya alikuwa ametuma kadi. Mtangazaji alipotaja jina la kaka, sikuwaza la mbele wala la nyuma. Nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja. Jina langu likaingia, ukafuata muziki wa dansi, nikacheza mpaka kaseti ikaisha. Ilikuwa kaseti ya Atupele, na nilijua. Nikajisemea, Mwalimu atarekodi tena.

Jumatatu Mwalimu akapata uhamisho, akaondoka. Alhamisi Atupele akarudi, kichwa kimenyolewa, akaomba kaseti yake. Akasikiliza upande mzima. Kisha akasema taratibu, "Tuli, jina lako ulikuwa unalijua. Mimi hesabu zile nitazijulia wapi?"

Sikumjibu. Alitaka uuguzi, Kemia ikamwangusha, akarudi kwao kuchuma chai. Tuliandikiana barua, baadaye zikakoma. Namkumbuka sana, mwanangu. Hata sauti ya Mwalimu, na kikohozi chake, na jogoo wa jirani akiwika nyuma yake, natamani kuisikia mpaka leo. Jina langu redioni wala silitamani.

Basi masomo hayo yasome saa yoyote upendayo, lakini usiyafanye yako peke yako. Nafasi ikijaa, toa nyimbo zako kwanza. Mwenzako akikosa darasa, mpelekee kabla hajaomba. Mungu akupe akili iliyotulia, akujalie rafiki kama Atupele, na akuepushe na siku ya kukosa la kumjibu.

Haya, vaa viatu. Saa ya kuona wagonjwa imekaribia, na hicho kishikwambi usikisahau.