Folda ya Fidel

Anjeline Okwakol ndiye anayepanga majaribio katika ofisi yetu ya Burumba. Tunatengeneza programu ambayo maajenti huitumia kupitisha karatasi za malori mpakani, na imekuwa kubwa hadi hakuna kichwa kimoja kinachoijua yote. Kwa hivyo tuna majaribio elfu nne, vijiprogramu vidogo vinavyoiuliza ile kubwa maswali kila tunapobadilisha kitu. Lori la mafuta likifika Malaba, linapewa foleni gani? Jibu likiwa sawa, kijani. Likikosewa, nyekundu, na hakuna kinachotoka ofisini.

Tuliyapanga kijinga, na nikisema hivyo najihesabu. Kila mmoja alikuwa na folda yenye jina lake, kama sufuria za kuazimana matangani. Yangu usiguse, yako siitaki. Anjeline alilalamika mwaka mzima, tukamwona msumbufu.

Mwezi wa Machi mwenzetu Fidel alifariki kwa ajali ya bodaboda. Folda yake ilikuwa na majaribio mia sita, na wiki chache baadaye baadhi yake yakaanza kuwa mekundu. Nani angepekua vitu vya marehemu? Tulikubaliana, bila hata kikao, kwamba viachwe hadi ukumbusho wake Desemba. Anjeline mwenyewe ndiye aliyeiagiza mashine iiruke folda ile. Kila kitu kikawa kijani, tukaendelea na kazi.

Julai dereva mmoja, Kiprono, aliingia akaweka katoni juu ya meza ya Anjeline. Ndani mlikuwa na vifaranga wa siku moja, wamekufa. Programu yetu ilikuwa imempanga na malori ya saruji, akakaa juani Malaba siku mbili.

"Dada, jana walikuwa wanalia," alisema. "Leo wamenyamaza, wote elfu tatu. Ijumaa napakia wengine. Niambie kama watapita."

Anjeline akaifungua folda ya Fidel mbele yetu. Jaribio la mizigo hai lilikuwemo. Lilikuwa jekundu tangu Mei, na mashine ililipita kila siku kama ilivyoagizwa. Mimi niliona aibu hata kumtazama Kiprono.

Dawa ilikuwa kuivunja folda, kila jaribio liwekwe chini ya mzigo linaoulinda, na lipate mtu hai wa kuliangalia. Lakini jina la Fidel lingefutika. Jumatano Anjeline alinichukua, tukaenda kumwomba ruhusa Awino, mjane wake.

Awino alitusikiliza hadi mwisho. "Nguo zake tuligawa siku ya nne," alisema. "Koti liko na shemeji yangu, analima nalo. Kwani nani aliwaambia vitu vya marehemu ni vya kufungia?"

"Hakuna, mama," Anjeline akajibu.

"Basi hiyo si heshima. Ni uoga."

Tuliporudi, Anjeline alituita mmoja mmoja kwa jina na kutugawia. Kukataa hakukuwepo. Mimi nilipata themanini, na kwenye moja Fidel alikuwa ameandika: "Ukikwama hapa, muulize Anjeline." Nililia, sioni haya kusema.

Alhamisi jioni folda ilibaki tupu, akaifuta. Tulikuwa tumeyarekebisha karibu yote, ila lile la mizigo hai lilikuwa bado jekundu. Mkubwa wetu, Methuselah, akasema wateja wanangoja, si lirukwe tu hadi Jumatatu? Anjeline alimtazama, kisha akachukua simu.

"Boss Kiprono, ni mimi nilizima kile kitu kingezuia vifaranga wako wasikufe. Si mashine. Ni mimi."

"Na kesho?" Kiprono akauliza.

"Usipakie," Anjeline alisema, Methuselah akiwa amesimama palepale. "Fidel bado anakataa."