Shahidi wa Mbwa Radi

Bi Asmahani wa Chemchem anashona kofia, na ulimi wake ni mkali kuliko sindano yake. Alipompangisha chumba Majidi, askari polisi anayeongoza mbwa wa kunusa, alimpa sharti moja: asiingie ndani kabla hajanawa mate ya mbwa uani, kwa maji na udongo, kama dini inavyoagiza. Mbwa mwenyewe, Radi, asionekane hapo kabisa. Majirani tulimcheka sana Majidi, mimi nikiwa mstari wa mbele.

Mwaka jana Radi alifuata harufu ya mwizi wa pikipiki hadi kwenye ua wa Mabruki, jirani yetu wa miaka mingi. Mabruki akamkata Radi panga mguuni, kisha akaapa kwamba mbwa ndiye aliyemrukia. Majidi alikonda kwa mawazo. Mabruki angeaminiwa, Radi angeitwa mbwa hatari na kuuawa.

Aliyeona yote alikuwa Bi Asmahani, akianika nguo upande wa pili wa ua. Wengi tulimshauri anyamaze. Utamponza jirani kwa ajili ya mbwa? Akatutazama mpaka tukaona haya, akavaa baibui lake jipya, akaenda mahakamani.

Alikula kiapo kwa msahafu, akasema Radi alikuwa ameketi, kamba mkononi mwa Majidi, Mabruki alipomjia na panga.

Wakili wa Mabruki akasimama akitabasamu. "Bibi, si wewe unayemzuia mpangaji wako mlangoni kwa sababu ya mate ya mbwa huyuhuyu? Leo umeanza kumpenda?"

"Simpendi, mwanangu," akajibu. "Lakini mate yake yanatoka kwa maji na udongo. Nikisema uongo juu ya msahafu, uongo huo nitauosha kwa kitu gani?"

Wakili akaketi.

Siku ya hukumu ukumbi ulifurika. Hakimu akaeleza kwamba sheria inakataza kumfanyia mnyama ukatili, na mbwa wa polisi naye ni mnyama. Mabruki ana hatia. Radi hana kosa, arudi kazini akipona.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nje, Radi alikuwa amesimama karibu na gari la polisi, mguu umefungwa bendeji. Bi Asmahani akasimama mbali naye, akashika kiuno, akapaza sauti watu wote wasikie:

"Umeshinda, baba! Tembea kifua mbele!"