Homa Yote Si Malaria: Mutima Yangu Ilikuwa Inaoza

Munganga alisema na binti yangu Solange pembeni ya kitanda yangu, sawa vile mimi siko pale: "Mama iko muzee. Kumupasua kifua mara ya pili, hatatoka muzima. Mumurudishe nyumbani." Nilisikia yote. Mudomo ilikuwa imepinda, sikuweza kumujibu. Miaka makumi sita na mbili, njo banaona imetosha.

Mbele ya ile, nilikuwa nalima mihogo yangu kule Annexe, pembeni ya muji, na nguvu. Mutima yangu ilikuwa na valve ya chuma, kale kamulango ka damu, banganga ba Inde, inchi ya Bahindi, balinitilia zamani nilipoenda kule. Balinipatia na karte yenye kuandikwa: mbele ya kung'oa jino, kunywa dawa ya kuua mikrobe; ukipata homa, bapime damu kwanza.

Infirmier Prosper, muuguzi wa kituo ya afya ya kwetu, aling'oa jino yangu bila kunipa ile dawa ya karte. Kisha juma mbili, homa ikaanza. Nikamuonyesha karte. Akacheka: "Mama, homa ya hapa haijue kusoma karte. Ni malaria."

Akanitundikia serum, chupa ya maji ya mushipa, na quinine, dawa ya malaria. Homa ikarudi. Akasema sasa ni malaria na tifoide. Serum ingine, sindano ya antibiotique siku tatu, anaacha. Zikafika serum ine! Miguu ikavimba. Nikawa nalala nimekaa, jasho inalowesha godoro, bidole bikatoka madoa meusi. Halafu njo mudomo ikapinda, na ule munganga akasema banirudishe nyumbani.

Solange alikataa kunirudisha nyumbani. Alihangaika mupaka tukafika tena Inde. Kule balikuta mikrobe imekula pembeni ya valve, usaha tupu. Munganga wa kule akamuambia: "Uzee haimuue. Kungojea njo itamuua." Balipasua, balitosha inje ile chuma, balitia valve ya nyama ya ngombe. Kisha dawa ya mushipa juma sita. Mudomo ilirudia pole pole. Shemeki yangu anasema sasa nikikula nyama ya ngombe, nakula ndugu. Nakula tu.

Kanisani banasema nishukuru Mungu. Nashukuru. Lakini Mungu hakung'oa jino yangu. Na ninyi benye valve, homa ikibakamata, muombe bapime damu mbele ya kubatundikia kitu.

Prosper angali pale, anatundikia bantu quinine. Docteur Albert, mwenye kituo, nilienda kumuona mara tatu, banasema hayuko. Basi namuuliza hapa, mbele ya bantu bote: Docteur, serum ine zilipita mu kituo yako, ni nani alisikiliza mutima yangu hata mara moja? Jibu.