Nyumba Yetu Ilivyohamia Marekani

Nyumba yetu iko Ikonge, juu kidogo ya soko, na majani chai yanaanzia pale ukuta wa jikoni unapoishia. Mimi najua hivyo kwa sababu nimezaliwa humo. Intaneti haikujua. Likizo ile yote intaneti iliamini tunaishi Marekani, ikatuletea matangazo ya huko: mashine za kuondoa theluji mlangoni, bima ya mbwa, mawakili wa kukutetea ukigongwa na lori. Magokoro, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliketi mbele ya tivi na shali yake mabegani, akauliza ni nani hawa wanaomkatia mbwa bima, na kama mbwa mwenyewe ameambiwa.

Aliyetuhamisha ni kaka yangu mkubwa. Kazi yake ni kuandika: maelezo ya viatu, makala za afya, na insha za watu ambao nafikiri hawapendi insha. Tovuti inayompa kazi hutaka waandishi walioko Marekani, kwa hiyo kila asubuhi kaka yangu huvaa kandambili, hunywa chai kwa ndizi za kuchemsha, kisha huenda kazini Marekani bila kutoka chumbani. Kinachompeleka ni proksi, kompyuta fulani ya ng'ambo inayopokea kila anachotuma na kukipeleka mbele kana kwamba kimetoka huko huko. Zamani aliiweka kwenye kompyuta yake peke yake. Siku moja akasahau kuiwasha, tovuti ikamwona yuko huku kwetu Nyamira, ikamfungia akaunti. Alishinda nyumbani wiki kadhaa akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Walipomfungulia, akaapa hatasahau tena: akaihamishia proksi kwenye ruta yenyewe, ile ya waifai inayokaa juu ya kabati la vyombo. Tangu hapo kila kilichotoka nyumbani kwetu kwenda mtandaoni, iwe simu, iwe tivi, iwe mimi na upuuzi wangu, kilipita kwanza Marekani.

Maandishi huvumilia safari kama hiyo. Video haivumilii. Mahubiri yakirushwa kutoka Keumbu, mahali ambapo unaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, yalivuka bahari, yakapumzika, yakavuka tena, yakatufikia vipande vipande. Mchungaji aliinua mkono, ukaganda hewani. Magokoro alizoea. Alimwacha hivyo hivyo, akaenda kuwarushia kuku mahindi, akarudi akamkuta mkono ungali juu. Mimi sikuzoea. Nilikuwa nimetoka bweni, muhula mzima bila kuona hata video moja, halafu nafika nyumbani kutazama kiduara kikizunguka. Nilimwambia kaka yangu kwamba kama ningetaka kutazama kitu kinachozunguka bila kufika popote, ningemtazama yeye akitafuta mchumba. Hakucheka.

Lazima niseme jambo moja kuhusu kazi yake, maana ndilo lililotuponza. Nyumba yetu ilikuwa imekataa kuiamini. Mama alirudi kutoka kuchuma chai, kikapu mgongoni, mikono imekuwa kahawia, akamkuta mwanawe mtu mzima kitandani na kompyuta mapajani, akamwuliza kama anaumwa. Jioni moja kaka yangu alichoka na maswali hayo. Akasimama katikati ya sebule akatuhutubia kwamba kubonyeza ni kazi, kazi kama kuchuma, kazi kama kulima, na anayebonyeza huchoka mgongo vilevile. Magokoro alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu, akasema sawa, amesikia. Kaka yangu alilala siku hiyo akiwa mshindi.

Kisha zikaja habari za shangazi. Shangazi, binti wa mwisho wa magokoro, anaishi Marekani kwelikweli, ile ya kwenda kwa ndege. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Sabato iliyokuwa ikija mtoto angewekwa wakfu kanisani kwao na kupewa jina la babu yetu marehemu. Ibada ingerushwa mtandaoni. Safari ya magokoro ilikuwa imeshindikana: magoti yalikataa, na viza ikaunga mkono magoti. Kwa hiyo angetazama kwenye tivi. Lakini kwake kutazama tu hakukutosha. Alisema jina la mtu likiitwa kwa mtoto, yule aliyeishi na mwenye jina awe anasikiliza, aitikie. Yeye ndiye aliyeishi na mwenye jina. Asipoitikia, mtoto atakuwa amepewa sauti tu.

Nikamwambia asijali, hata tukiikosa, video itabaki, tutaitazama kesho yake.

"Momura," akaniambia, anavyoniita kwa Kigusii, yaani kijana, "wewe ukiitwa jana, unaitikia leo?"

Nikaacha utani, nikaenda kuikagua ruta. 

Dawa niliijua. Ruta inaweza kugawanya njia. Unaiambia: vitu hivi vipitishe kwenye proksi, hivi vingine viende moja kwa moja. Kaka yangu abaki Marekani, sisi wengine turudi Ikonge. Nilimwomba Jumatatu, akasema nisiguse. Nilimwomba Jumatano nikiwa nimemwoshea viatu, akakagua viatu, akasema nisiguse. Ijumaa alasiri magokoro alimwomba mwenyewe, kwa upole ule unaotisha, ndipo akakubali, lakini kwa masharti yake: proksi ibaki imeshika nyumba nzima, mimi niongeze ruhusa moja tu, anwani ya ile tovuti ya video. Alisimama nyuma yangu nikiandika, akinipumulia shingoni kama askari wa benki.

Nikaandika. Nikaifungua tovuti kwenye tivi, na ukurasa ukaja papo hapo, picha, maandishi, kila kitu. Nilicheza dansi kidogo. Nilikuwa nimenyoosha rimoti nijaribu video yenyewe, magokoro akafungua pazia, akatazama nje. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima, na kwetu Wasabato siku ya kutofanya kazi huanzia hapo.

"Zima," akasema. "Sabato imeingia."

"Magokoro, nabonyeza mara moja tu, nione kama inacheza."

"Kubonyeza ni kazi. Kaka yako alituambia."

Nikamgeukia kaka yangu. Neno moja kutoka kwake lingetosha, aseme alitia chumvi, aseme kubonyeza ni mchezo. Mama naye alikuwa mlangoni, anasubiri kwa hamu kubwa sana kusikia. Kaka yangu akatazama dari. Nikaizima tivi.

Jumamosi ilikuwa ndefu kama mtihani wa hisabati. Tuliimba, tulisali, tulikula wali na maharagwe yaliyopikwa jana yake, na muda wote ruta ilikaa juu ya kabati ikinikonyeza kwa taa zake za kijani. Asubuhi yao ni jioni yetu, kwa hiyo jua lilipozama, Sabato yetu ikaisha na ibada yao ikawa karibu kuanza. Kaka yangu alikimbilia chumbani, kazi zilikuwa zimemlundikia. Magokoro alivaa tena nguo za kanisani, na kitambaa cheupe kichwani. Mama alitandika meza kana kwamba shangazi angeingia kwa mlango.

Ukurasa ulifunguka mara moja. Nikabonyeza video. Kiduara kikazunguka.

Wimbo wa kwanza ulikuja kwa viraka, mdomo hapa, sauti pale. Wa pili ulikwama kwenye herufi moja. Nikaingia kwenye ruta kwa simu yangu, nikaona ruhusa yangu iko palepale, sahihi, bila kosa la herufi. Ndipo nikaelewa, na nilitaka kujipiga kibao. Nilikuwa nimeruhusu ukurasa peke yake. Video haikai kwenye ukurasa. Kwa mtu wa kwetu, ukurasa ni kile kituo cha kupimia majani hapa barabarani, na chai yenyewe inatoka kiwandani kwa lori lingine. Nilikuwa nimefungulia kituo njia, na lori la kiwanda lilikuwa bado linazungushwa Marekani. Ningejua hayo Ijumaa kama ningeruhusiwa kubonyeza mara moja tu.

Kuongeza anwani za viwanda vyote nisingeweza, nilikuwa sizijui. Iliyobaki ilikuwa kugeuza mpango wote: kompyuta ya kaka yangu peke yake ipite kwenye proksi, nyumba nzima iende moja kwa moja. Nikamwendea chumbani nikamweleza. Akasema wakati wa kugeuza, kompyuta yake inaweza kuchungulia nje bila proksi, hata kwa dakika moja, na dakika moja ndiyo iliyomfungia akaunti. Nikamwambia aizime basi. Akasema kazi iliyo mbele yake inatakiwa jioni hiyo hiyo, na yuko nusu.

Nikamwambia kwamba mtandaoni sasa hivi tuko nchi moja na shangazi, na hatumwoni.

"Wakinifungia tena," akasema bila kuinua macho, "karo yako utailipa kwa huo utani?"

Hasira ilinipanda kwa sababu alikuwa sahihi, na magokoro alikuwa sahihi, na mimi pia nilikuwa sahihi, na kiduara kilikuwa kinazunguka.

Mama akaita kutoka sebuleni kwamba mtoto ameletwa mbele. Tukatoka sote wawili. Kwenye tivi mchungaji wa huko alikuwa amemshika mtoto mikononi, shangazi kando yake, na mdomo wa mchungaji ulikuwa umefunguka, umeganda. Magokoro alikuwa amesimama. Magoti yale yaliyokataa ndege yalikuwa yamemsimamisha, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, anautazama ule mdomo. Hakutuangalia. 

Kaka yangu alirudi chumbani. Nikasikia kompyuta ikifungwa kwa kishindo.

"Geuza," akasema.

Nikageuza.  Taa za ruta zikazimika, zikawaka moja moja, zikijivuta. Na kabla mdomo wa mchungaji haujasogea, simu ya mama ikalia. Alikuwa shangazi. Mama akaiweka sauti ya juu, na nyuma ya shangazi tukasikia watu wakicheka na sahani zikigongana. Kumbe kwao ibada ilikuwa imeisha, wanakula; kila tulipokwama, tulikuwa tunabaki nyuma.

"Mama, umesikia?" shangazi akamwuliza magokoro. "Umesikia alivyomwita?"

Kaka yangu akaona alama nyekundu pale chini ya video, ile ya kukurusha mpaka yanapotendeka sasa hivi. Akachukua rimoti ili tuwafikie. Nilimrukia, na sijawahi kumrukia mtu kwa nia safi kiasi hicho. Tukirushwa mbele, tunaliruka jina lenyewe. Video ingeendelea pale ilipokwama, tukiiacha.

"Usiguse," nikamwambia. Wiki nzima nilikuwa nikiambiwa mimi neno hilo.

Magokoro akaisogelea simu. "Ngoja kwanza," akamwambia bintiye. "Hapa bado hajasema."

 Nafikiri shangazi alitoka nje, maana sahani hazikusikika tena. Tukasimama hivyo, sisi Ikonge na yeye huko aliko, tukingoja jambo ambalo kwake lilikuwa limeshapita.

Picha ikashtuka. Mchungaji akafunga mdomo, akaufungua tena, akalitaja jina la babu, vibaya, akivuta pale pasipovutwa, lakini lilikuwa lenyewe.

"Ndiye," magokoro akaitikia. Kwa sauti, kama mtu anayejibu hodi.

Kwenye simu tukamsikia shangazi akipenga kamasi. "Nimekusikia, Mama," akasema.

Magokoro akaketi. Video ilicheza bila kukwama mpaka wimbo wa mwisho, safi kabisa, na baada yake likaja tangazo la mabati, kwa Kiswahili.

Kaka yangu aliichelewesha ile kazi, mwenye kazi akamlalamikia. Jumatatu aliirudisha proksi kwenye nyumba nzima, akabadilisha neno la siri la ruta, na hadi sasa sijalipata. Nimejaribu jina lake, jina la mchumba anayemtaka, hata jina la babu. Nimemweleza mara ngapi kwamba kompyuta yake ingebaki Marekani salama salimini. Anasema nisiguse. Hapa ninapoandika, mchungaji wa Keumbu ameinua mkono, na magokoro ametoka kwenda kuwarushia kuku mahindi.