Siku Kisanduku Changu Kilipomfanya Mama Mwizi wa Maji

Hili jambo nilijiapiza kulificha, lakini kwa kuwa Malindi nzima, hii yetu ya milimani Lushoto, wanalijua na hata watoto wa shule wakiniona wananicheka, sioni kwa nini niwafiche nyinyi rafiki zangu. Mimi Rehema, niliyesoma kompyuta hadi nikawa narekebisha kiini cha mfumo endeshi (ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta, inayoongea na vyuma vyenyewe), nilimfanya mama yangu mzazi aonekane mwizi wa maji.

Kwetu maji ya kumwagilia yanatoka kwenye bwawa dogo kule juu, kila shamba lina zamu yake, na mshika zamu ni mama. Miaka yote anapanda na filimbi shingoni, anafungua mfereji wa huyu, anafunga, anapiga filimbi, anafungua wa yule, na sijawahi kusikia mtu akisema Mama Rehema kapendelea. Sasa magoti yakaanza kumsumbua, akawa anashuka ule mlima kinyumenyume huku ameshika majani, na mimi ikaniuma, nikasema hapana, nitamtengenezea kisanduku. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, umeme wa sola, na koki zinazojifungua zenyewe saa ya kila mtu ikifika. Kamati ya maji ikakubali. Mwenyekiti wake, Mzee Singano, akakipapasa akasema, "Kisitugombanishe tu, binti yangu."

Kilifanya kazi vizuri mpaka baridi ya Julai ilipoingia (baridi ya Malindi mnaijua, na kama hamuijui mshukuruni Mungu). Ndani yake kuna kipande kidogo cha saa, na kiini kabla ya kusoma saa hukiuliza kwanza, uko tayari? Basi asubuhi zenye ukungu kile kipande kikawa kinagoma, kinarudisha kosa, na kiini kikipata kosa kinafunga koki zote na kuwasha taa nyekundu, mama anapanda mlima kama kawaida. Watu wakaanza kuniuliza, fundi, vipi tena? Nikaona aibu. Nikaingia kwenye kiini nikabadilisha mstari mmoja tu, mmoja jamani: saa ikirudisha kosa, wewe hesabu ni sawa, endelea. Tena kwa kiherehere changu nikawatumia mstari huo wenzangu wa nchi za mbali tunaotengeneza kiini pamoja, nikaandika kwa majivuno kwamba nimeboresha namna ya kushughulikia makosa ya saa.

Kesho yake taa haikuwaka. Mama alifurahi hivi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaenda gulioni Lushoto siku ya zamu, na kabichi zake na khanga mpya, na mimi nikashuka Mombo kununua koki ya akiba.

Saa nne hivi Mzee Singano akanipigia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akauliza, "Rehema, kile kisanduku chako kinasemaje? Maji yamekaa sana kwenu."

Nikaangalia kwenye simu, maana kisanduku hunitumia taarifa, nikaona kimeandika SAWA. "Kiko sawa, baba," nikamjibu, "labda yanaonekana tu hivyo." (Maji yanaonekana tu hivyo! Mtu mzima na akili zake.) Saa sita akapiga tena, nikasoma SAWA, nikamwambia sawa. Saa nane akapiga, sauti imebadilika, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini mzee mpole kama yule ananisumbua mara tatu, nikamweleza taratibu kwamba mashine haijui upendeleo.

Kumbe saa ilikuwa imegoma tangu asubuhi. Kiini kiliuliza, hakikujibiwa, kikatii mstari wangu kikasema sawa, kikachukua sifuri ndiyo kikaifanya saa, na kwenye orodha yangu sifuri ni zamu ya kwanza, na zamu ya kwanza ni shamba letu. Sifuri haisogei, kwa hiyo zamu yetu haikuisha.

Nilipofika, watu wamejaa bwawani na bwawa limebaki tope. Kabichi zetu zimezama. Jirani yetu Mama Eliza amesimama na mche wa hoho mkononi, umelala kabisa, shamba zima alikuwa amepandikiza jana yake. Mama naye ndiyo kwanza anatoka gulioni, tenga tupu kichwani. "Onga mshi," akawasalimia kwa Kisambaa, na hakuna aliyeitikia salamu yake.

Mzee Singano akamweleza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akavua filimbi shingoni, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mshika zamu asiyejua maji yamekwenda wapi hafai," akasema. Hakunitaja hata kidogo. Nami nawaambieni ukweli, nilishafikiria kusingizia baridi, lakini nilipoona shingo yake ile bila filimbi nilishindwa.

"Mama hana kosa," nikasema mbele za watu wote. "Saa iligoma. Mimi ndiye niliyekifundisha kisanduku kiseme sawa hata kama hakijui saa."

"Kwa hiyo kilikuwa hakijui?" akauliza Mzee Singano.

"Kilikuwa hakijui."

"Na wewe uliyekuwa unaniambia sawa, sawa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sijui, baba. Nilikikataza kuniambia."

Mtu mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine, mpaka mzee mwenyewe akavua kofia akajifuta uso. Mama Eliza hakucheka. Alichukua filimbi mkononi mwa mzee, akamvika mama shingoni, kisha akanigeukia akasema zamu zetu za wiki mbili ni zake, na mpaka bwawa lijae hoho zake nitazimwagilia mimi kwa ndoo. Nikakubali kabla hajamaliza.

Ule mstari niliufuta siku hiyohiyo. Nikawaandikia wenzangu kwamba maboresho yangu yalikuwa ujinga mtupu, nikaeleza na hoho na kabichi, wasome wote. Sasa saa ikigoma, kiini kinaijaribu tena mara chache, ikishindikana kinafunga koki na kupiga kelele kwenye simu yangu.

Lakini kilichonikaa rohoni ni cha jioni ile, mabega yananiwaka kwa ndoo, nimepiga magoti namkanda mama kwa maji ya moto, najitetea kwamba nilitaka tu asipande mlima. Akaninyooshea goti la pili.

"Ungeniambia saa imegoma, mwanangu," akasema. "Magoti yanauma, lakini yanapanda."

Sirudii tena. Kisichojua na kiseme hakijui, na mimi vilevile, na asubuhi za ukungu tunapanda wote wawili, yeye mbele polepole, mimi nyuma nimembebea kigoda.